Wingu la Nandi, Bati la Nyalenda: Kupanga Yatakayoharibika Kwenye Seti ya Wanafunzi Kisumu

Karatasi nyingi za dharura za wanafunzi wa filamu zina safu mbili tu: hatari, na suluhisho. Upande huu imeandikwa "mvua", upande ule "tutahamia ndani". Mwalimu anatia alama ya vema, karatasi inaingia kwenye faili. Kisha Jumamosi saa tisa alasiri mvua inafika kweli, na hakuna anayejua hiyo ndani ni kwa nani, nani aseme tuhame, wala ni onyesho gani litakalorekodiwa huko.

Ongeza safu mbili: saa ya kuamua na jina la mwenye kuamua. Mtu aliyelowa, aliyekosa chakula cha mchana na aliyebakiwa na betri moja haamui vizuri. Kazi ya karatasi ni kumwondolea uamuzi huo, kwa kuufanya siku tatu kabla, mkiwa mmekaa mezani na chai.

Tuchukue filamu fupi ya dakika 10. Maandishi ni kurasa 10, kwa hesabu ya kawaida ya ukurasa kwa dakika. Siku ni mbili, Jumamosi na Jumapili. Watu ni wanane. Sehemu ni tatu: ufuo wa Dunga, nyumba moja ya Nyalenda, na barabara karibu na soko la Kibuye. Kurasa tano kwa siku ni mzigo kwa wanafunzi hata siku ambayo mambo yote yamenyooka, kwa hiyo kila saa inayopotea itamega onyesho fulani. Swali ni onyesho lipi, na jibu liwe limeandikwa tayari: kila shoti (kipande kimoja cha picha) kwenye orodha ipewe alama L (lazima), A (afadhali) au Z (ziada). Zikisomwa L peke yake, hadithi ieleweke kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama haieleweki, orodha bado.

Saa za Kisumu

Mvua ya Kisumu ina mazoea yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo wa ziwani huingia bara na kukutana na ule wa mashariki, na mawingu hupanda juu ya milima ya Nandi na Kericho. Alasiri huanza kuteremka kuelekea mjini. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huelekea ziwani, na radi huhamia juu ya maji mpaka karibu na alfajiri. Kwa hiyo asubuhi ndiyo rafiki yako, mjini na ziwani, hasa Machi hadi Mei wakati wa masika. Ila kama usiku kulikuwa na radi ziwani, mwulize mvuvi kabla ya kupakia mashua.

Sasa andika hivi: saa saba mchana msaidizi wa mwelekezi anatazama mashariki. Wingu likiwa limejipanga juu ya Nandi, saa nane kamili mnafunga vitu, hata kama pale mliposimama jua linawaka. Msingoje tone la kwanza. Watu wanane wenye taa, stendi, maiki na mabegi huchukua dakika 20 kufunga vizuri na dakika nyingine 20 kupata tuktuk na kufika. Mkingoja tone, dakika zote hizo ni za kulowa.

Halafu jua. Kisumu iko magharibi ya nchi, ndiyo maana jua lake huchelewa kuliko la Mombasa. Huzama karibu na saa 12:28 jioni mwanzoni mwa Novemba, na hufika karibu saa 12:58 katikati ya Februari. Likishazama, una kama dakika 20 za mwanga unaofaa, basi. Sisi tulio juu ya ikweta hatuna jioni ndefu. Onyesho la machweo lenye shoti sita halitamalizika jioni moja. Panga jioni mbili, na shoti ya kwanza iwe ile pana.

Saa sita na saa saba jua liko utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Wengi huhamishia saa hizo ndani, na ni sawa. Lakini hapo ndipo mtego wa pili unapokaa.

Nyumba ya akiba yenye bati si nyumba ya akiba

Mvua ikipiga bati lisilo na dari, maongezi hayarekodiki. Hata maiki iwe sentimita 20 kutoka mdomoni, kile kishindo kimejaa chumba kizima na kinaingia pamoja na sauti. Hakuna programu itakayokitoa bila kumfanya mwigizaji asikike kama anazungumza ndani ya ndoo. Tena kila teki (kila mara mnaporudia kurekodi shoti) ina mvua yake: hii nzito, ile nyepesi. Ukizikata pamoja, mvua inaruka.

Kwa hiyo sehemu ya kukimbilia iwe chini ya slabu ya zege. Ghorofa ya chini ya jengo la ghorofa mbili, darasa la chuo, ofisi ya mjomba wa mtu. Nendeni mkaione, mpige makofi mara moja katikati ya chumba na kusikiliza mwangwi, mwone soketi ziko wapi, mjue ufunguo uko kwa nani Jumamosi. Mwenye chumba apigiwe Ijumaa, na kama kuna posho apewe nusu hiyo Ijumaa.

Kama hadithi inalazimisha nyumba ya bati, gawanya maonyesho yake mapema: yenye maneno asubuhi, na shoti bubu zibaki mkobani kwa ajili ya mvua. Mikono inayokunja barua, sufuria inayochemka, mama anayetazama dirishani, maji yanayotiririka kwenye mfereji. Shoti kumi kama hizo hugeuza saa mbili za mvua kuwa saa mbili za kazi. Zikose, na watu wanane watakaa kwenye sofa la mwenye nyumba wakitazama simu.

Kuhusu radi hakuna mjadala. Ukiona mwako na kusikia mngurumo kabla hujahesabu hadi 30, iko ndani ya kilomita 10. Shusha fimbo ya maiki, acha stendi za chuma, ingieni ndani ya jengo au gari lililofungwa. Subirini dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Chini ya mwembe si mahali pa kujikinga.

Sauti ya wikendi

Wanafunzi hurekodi wikendi kwa sababu siku za juma kuna masomo. Bahati mbaya wikendi ndiyo yenye makelele. Jumamosi Wasabato wako kanisani. Jumapili ni zamu ya wengine, na spika zimeelekezwa barabarani. Maziko mengi ya huku ni Jumamosi, na matanga yanaweza kuwa na muziki tangu Ijumaa usiku. Kwa hiyo msikague sehemu siku ya Jumatano. Nendeni Jumamosi iliyotangulia, saa ile ile mtakayorekodi, mkasimama dakika 15 bila kuzungumza. Ulizeni jirani kama kuna msiba. Hilo ni swali la heshima, na jibu lake linaweza kuwaokolea siku nzima.

Boda hazizuiliki, na ndege wale wakubwa wa kijivu wanaopiga kelele kila wakiruka hawasikii ombi la mtu. Zizoeeni sauti hizi kwa hatua tatu. Kwanza, kila onyesho likiisha mwigizaji arudie maneno yake yote mara mbili, kamera ikiwa imezimwa, maiki karibu, chumbani au ndani ya gari lililofungwa vioo. Dakika tano tu. Afanye hivyo pale pale, angali na pumzi na hasira ile ile. Wiki mbili baadaye hatakuwa nazo. Pili, rekodini ukimya wa mahali kwa sekunde 60, watu wote wakiwa wamesimama palepale. Tatu, simu ya mtu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, irekodi sauti mfululizo ikiwa ndani ya mfuko wa shati wa mwigizaji, na kofi la mwanzo wa teki lisikike ndani yake. Sauti ya simu si nzuri, lakini maiki ya pasiwaya ikikata katikati ya sentensi, neno moja la simu linaweza kuziba pengo.

Mtu wa sauti avae hedfoni muda wote. Mishale ya sauti kwenye skrini hucheza vizuri kabisa hata waya ukiwa mbovu, kwa sababu mkwaruzo nao ni sauti. Vilele vya sauti viache karibu na alama ya desibeli -12; anayenong'ona leo atapiga kelele teki inayofuata.

Stima

Kwanza kosa lisilohusu kupotea kwa stima. Umeme wetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera nyingi za kuazima hufika zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa Marekani, yaani fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu) 1/60, na chini ya taa za nyumbani picha hupata michirizi inayopanda na kushuka. Kwenye skrini ndogo ya kamera huioni. Utaiona Jumatatu kwenye kompyuta. Ingia kwenye menyu, badilisha kuwa PAL, fremu 25, shata 1/50. Iandike kwenye tepu na uibandike ubavuni mwa kamera, maana kamera ya chuo hushikwa na mikono mingi.

Soketi moja ya amperi 13 hubeba wati 3,100 hivi. Taa mbili za wati 800 ni 1,600, bado kuna nafasi. Mwenye nyumba mkarimu akichomeka birika la wati 2,000 awapikie chai, mmevuka. Mtu wa taa aulize birika liko wapi kabla hajawasha chochote. Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tatu tu, kwa sababu waya uliojikunja huchemka mpaka plastiki inalainika. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha: moshi wake una gesi isiyonuka inayoua watu wakiwa usingizini.

Stima ikipotea, msingoje irudi. Andikeni: dakika 15, kisha mpango wa dirisha. Maana yake kila onyesho la ndani liwe na namna ya pili iliyofikiriwa, mwigizaji akisogezwa mita moja kutoka dirishani, na upande wa pili wa uso ukiangazwa kwa shuka jeupe au kartoni iliyobandikwa foili ya jikoni. Mara nyingi picha hiyo ni nzuri kuliko ile ya taa, na wako wanaoanza nayo makusudi.

Betri mzipime wenyewe. Chajini, washeni rekodi, tazameni saa mpaka kamera izime. Betri kuukuu ya kuazima inaweza kukupa dakika 40 ilhali kibandiko kinaahidi mara mbili ya hapo. Namba hiyo ndiyo inayosema kama mnahitaji nne au sita.

Dunga, na wadudu

Upepo wa ziwani huanza kuamka kabla ya adhuhuri na kuinua mawimbi, kwa hiyo maonyesho ya mashua yaishe saa nne asubuhi. Kila anayepanda, akiwamo mwelekezi anayejua kuogelea, avae jaketi la kuokolea. Kamera ifungwe kamba kwenye ubao wa mashua. Kifundo kiwe pale, si mkononi mwa mtu.

Magugu maji nayo husafiri. Ufuo uliokuwa wazi Alhamisi unaweza kuzibwa Jumamosi baada ya upepo wa usiku kugeuka, na mashua isitoke. Mpigie mtu wa kamati ya ufuo jioni ya kuamkia siku ya kurekodi, kisha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Namna ya pili ya onyesho ni babu akiwa ameketi kwenye mashua iliyovutwa nchi kavu. Jioni, giza likiingia, ondokeni majini; viboko hutoka kwenda kula.

Wadudu wa ziwani hawaumi, lakini wana uwezo wa kuvunja seti. Hutoka kwa mawingu yanayofanana na moshi juu ya maji, hasa siku zinazofuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kalenda ya mwezi ni sehemu ya ratiba. Huifuata taa. Paji la uso lililopakwa mafuta ling'ae hunasa mia moja kwa dakika chache. Wekeni taa moja kali ya chambo mita 15 kutoka seti, upande unakoelekea upepo, muiwashe nusu saa kabla ya taa zenu. Waigizaji wapakwe poda, si mafuta. Lenzi isibadilishwe nje usiku: mdudu mmoja akiingia kwenye kioo cha ndani, kila shoti inayofuata itakuwa na doa.

Onyesho la mwizi

Filamu za wanafunzi hupenda mtu anayekimbizwa sokoni. Hili ndilo onyesho hatari kuliko radi. Neno "mwizi!" likipigwa ukelele karibu na Kibuye au Kondele, watu hawatauliza kamera iko wapi. Kijana anayekimbia anaweza kupigwa jiwe kabla hujasema "kata".

Kwa hiyo neno hilo halitamkwi barabarani, si kwenye teki, si kwenye mazoezi, si kwa utani. Anayekimbiza akimbie kimya. Ukelele utarekodiwa baadaye chumbani na kuwekwa kwenye uhariri, ambako hakuna mtazamaji atakayejua. Kamera isifichwe. Mnaificha ili watu waonekane wa kweli, na ndipo kweli inapokuja. Iwe wazi, kwenye stendi, na wasaidizi wawili wenye fulana za kung'aa: mmoja mita 20 mbele ya mkimbiaji, mwingine nyuma yake. Shoti zenye kukimbia ziwe fupi, za sekunde tano au sita, na mwisho wake uwe mahali palipokubaliwa, kwa mfano mlango wa duka ambalo mwenyewe anajua. Rekodini saa moja kasorobo asubuhi, wauzaji wakiwa ndio wanapanga nyanya. OCS (mkuu wa kituo cha polisi) na viongozi wa soko wawe wameambiwa siku mbili kabla. Bunduki ya plastiki ina sheria hizi zote na moja zaidi: haitoki kwenye begi mpaka kamera iko tayari, na inarudi begini mara tu teki inapokwisha. Sare ya polisi bila idhini ni kosa kisheria, basi mwandishi ampe huyo askari nguo za kiraia.

Leseni ya kurekodi hutolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Ulizeni chuo mapema nani anaishughulikia. Nakala zake, barua ya chuo na idhini za kaunti, kamati ya ufuo na mwenye nyumba ziwe seti nne kwenye faili za plastiki. Abebe msimamizi wa uzalishaji, asiye na kamera wala maiki, anayezungumza Kijaluo vizuri na mwenye subira ya kusalimia wazee mmoja mmoja. Mtu akija juu na kusema msimpige picha, kamera inashushwa kwanza, maelezo baadaye. Ukieleza huku lenzi bado inamtazama, umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Droni msiirushe bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Uwanja wa ndege uko pale pale mjini.

Watu na pesa

Mwigizaji hatakuja. Si lazima awe mvivu; ana msiba, ana mtihani, ana zamu kazini. Mpigie saa mbili usiku, mpigie tena saa kumi na mbili asubuhi, na ujumbe wa simu usihesabiwe kuwa ni jibu. Maonyesho ya mwigizaji mwenye maonyesho machache yakusanywe siku ya kwanza, ili akikosekana kuwe na siku ya pili. Mhusika mkuu hana mbadala, lakini jirani, askari na mama mboga wanaye: mtu wa timu aliyesoma maneno yao na mwenye nguo inayofaa begini.

Asilimia 10 ya akiba inayotajwa mara kwa mara ilipimwa kwa bajeti kubwa. Kwa bajeti ya shilingi 30,000 ni 3,000, na kadi moja iliyokufa pamoja na tuktuk mbili za ghafla huila yote. Wekeni 15, yaani 4,500, nusu taslimu na nusu kwenye simu isiyo ya mwelekezi, kwani ya mwelekezi ndiyo itakayokuwa imezima kufikia saa tisa.

Chini ya ratiba ya siku kuwe na namba 999 na 112, jina la mwenye kujua huduma ya kwanza, na hospitali iliyo karibu kwa jina ambalo mwendesha boda analijua. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga imeandikwa hivyo langoni, lakini kwa haraka mwambie "Russia".

Kadi

Mengine yote yakiharibika mnaweza kurudia. Kadi ikipotea mmepoteza hata yale yaliyokwenda vizuri.

Ubora wa 4K wa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 10 ikirekodiwa mara nane ni dakika 80, yaani gigabaiti 60. Inatosha kwenye kadi moja ya 64, na hiyo ndiyo sababu ya kutotumia kadi moja ya 64. Tumieni nne za 32: mbili kila siku, ili ajali moja isile zaidi ya robo.

Kadi ikitoka kwenye kamera, kidude cha kufuli ubavuni kisukumwe chini hapo hapo, kisha ibandikwe tepu nyekundu. Nyekundu maana yake imejaa na haijanakiliwa. Haiingii mfukoni, inaingia kwenye kikopo kilichofungwa shingoni mwa mtu mmoja, na mtu huyo hafanyi kazi nyingine wakati wa kubadilisha. Kunakili gigabaiti 32 kwa mlango wa zamani wa USB kwenye kompyuta kuukuu huchukua robo saa. Nakala mbili ni nusu saa. Kwa hiyo kazi hiyo inaanza chakula kikiletwa, kompyuta ikiwa na chaji zaidi ya asilimia 60, na diski ziwe zile zinazokula umeme wa kompyuta yenyewe, ili stima ikikatika zisife katikati.

Ikiisha, hesabu mafaili pande zote mbili, linganisha ukubwa, cheza mwanzo, katikati na mwisho wa klipu ndefu kuliko zote. Hapo ndipo tepu nyekundu hutolewa na ya kijani kubandikwa. Kadi isifutwe kwenye kompyuta. Ifomatiwe ndani ya kamera, na kama mna za kutosha isifomatiwe kabisa hadi Jumatatu. Kadi ikileta ujumbe wa kosa, itoeni, ifungwe, isiguswe tena. Kila sekunde mnayoendelea kurekodi juu yake inafunika kitu ambacho programu ya kuokoa ingekipata.

Jioni diski ya kwanza inakwenda na mhariri, ya pili na mtu anayelala mtaa mwingine. Wasipande boda moja.